Je, Wajua? Gatwekera, Kijiji Ndani ya Jiji

Gatwekera ni mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera, takribani kilomita 5 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi. Kimepakana na Kianda na Kisumu Ndogo. Ardhi ya Kibera huteremka kuelekea Mto Ngong, kwa hiyo mvua kubwa husukuma maji na taka hadi nyumba za bondeni.

Asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, msitu wa Kibera ulitengewa askari Wanubi wenye asili ya Sudan, waliotumikia kikosi cha King's African Rifles. Mwaka 1918 ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, yenye zaidi ya ekari 4,000. Baada ya uhuru wa 1963, ardhi ilibaki mikononi mwa serikali. Wahamiaji, wengi wao kutoka Nyanza na Magharibi, walikuja kutafuta kazi, wakapanga vyumba vya udongo na mabati.

Reli. Njia ya treni ya Nairobi hadi Kisumu hupita Kibera. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilipozuka, vijana waling'oa sehemu ya reli hiyo.

Maji na shule. Shule ya wasichana ya shirika la SHOFCO ilifunguliwa Gatwekera mwaka 2009. Baadaye shirika hilo lilijenga mabomba yanayopita juu kwenye nguzo, kwa kuwa yale ya ardhini hupasuka na kuingiza majitaka, na pia hukatwa na wezi wa maji.