BUNDUKI ZA VITA ZILIZOGEUZWA KUWA ZA KUWINDIA

Bunduki ya zamani ina maandishi yake. Mwenye kujua kuyasoma ataambiwa ilifanyizwa wapi, mwaka gani, ilichukuliwa na askari wa jeshi gani, na kama baadaye fundi aliikata ili mwindaji aende nayo porini. Asiyejua ataona chuma na mti tu. Katika makala haya twataka kuwaeleza wasomaji wetu namna bunduki za jeshi zilivyogeuzwa kuwa za kuwindia, na kwa nini habari hizi zawahusu watu wa Kisii na Nyamira, ijapokuwa uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya tarehe 19 Mei 1977.

VITA VILIPOFIKA KISII

Mwezi wa Septemba 1914, mwezi mmoja tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen lilivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii. Tarehe 12 Septemba askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliwashambulia. Kiongozi wao, Kapteni Thorne, aliuawa katika mapigano hayo. Jambo la ajabu ni kwamba pande zote mbili zilijiona zimeshindwa, na kila upande ukarudi nyuma ukauacha mji. Wenyeji walipoona mji hauna mwenyewe waliingia wakachukua mali. Waingereza waliporejea waliwaadhibu vikali kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Kwa hiyo bunduki za majeshi makubwa ya Ulaya si habari ya mbali kwa Wagusii. Zililia juu ya vilima vyao wenyewe.

Bunduki za pande hizo mbili hazikuwa za namna moja. Vita vilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki zilikuwa bado na Mauser ya mfano wa 1871. Hiyo ilipakiwa risasi moja moja, nayo risasi yake ilikuwa nene, yenye upana wa milimita 11, na ilitumia baruti nyeusi. Kila askari alipofyatua, wingu la moshi mweupe lilipanda na kumwonyesha adui mahali alipojificha. Kampuni nyingine zilikuwa na Mauser ya 1898, yenye baruti isiyotoa moshi. Waingereza nao walikuwa na bunduki zao za .303, mashuhuri kwa jina la Lee-Enfield. Lee ni jina la aliyebuni komeo lake, na Enfield ni mahali penye kiwanda.

JINSI ZILIVYOGEUZWA

Baada ya vita vile, na hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali za Ulaya zilibaki na bunduki nyingi mno, zikaziuza kwa bei ndogo. Bunduki mpya ya kuwindia kutoka kwa mafundi wa London ilikuwa ghali kabisa. Basi mtu asiye tajiri, mkulima au mwindaji, alinunua ya jeshi na kuipeleka kwa fundi. Viwanda navyo viliiona biashara hiyo: Parker-Hale ya Birmingham, Uingereza, ilitengeneza na kuuza Lee-Enfield nyingi zilizogeuzwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bunduki ya jeshi hufunikwa mti karibu mpaka mwisho wa mtutu, ili mkono wa askari usiungue anapopiga risasi nyingi mfululizo. Mwindaji hupiga moja au mbili tu, kwa hiyo mti wa mbele ulikatwa na ule wa juu ukaondolewa. Chuma cha kushikia singe kilitolewa. Mtutu mara nyingi ulifupishwa. Kipimo cha shabaha cha jeshi, chenye alama za kufikia yadi 2,000, kiliondolewa na kuwekwa kingine cha karibu, au darubini. Kasha la risasi kumi lilibadilishwa kwa dogo la risasi tano. Mwisho kitako kilichongwa upya na kuchorwa vimraba ili mkono usiteleze. Bunduki ikawa nyepesi, na umbo lake likawa zuri.

Risasi pia ilibadilika. Mkataba wa Hague wa 1899 ulikataza katika vita risasi zinazotanuka mwilini, na kwa sababu hiyo risasi ya jeshi hufunikwa chuma kote. Mwindaji akimpiga swala kwa risasi ya namna hiyo, huweza kupenya na kutoka upande wa pili, mnyama akakimbia na jeraha na kufia mbali. Kwa hiyo wawindaji walitumia risasi yenye ncha laini, ambayo hutanuka na kuua upesi.

Kila namna ilikuwa na sifa yake. Komeo la Lee-Enfield huenda upesi kuliko mengine mengi, lakini hufungwa kwa nyuma, basi halikufaa kwa risasi zenye nguvu nyingi mno. Mauser ya 1898 hufungwa kwa mbele, tena ina ukucha mrefu unaoshika risasi tangu inapotoka kasha mpaka ganda linapotupwa nje. Haiachi risasi ovyo hata mwindaji akifadhaika mbele ya nyati. Ndiyo sababu mafundi wakubwa kama Rigby wa London walijenga bunduki zao za fahari juu ya komeo la Mauser. Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba milia wala watu huko India, aliyehamia Nyeri mwaka 1947 na kufariki huko 1955, alikuwa na Rigby ya namna hiyo.

KUISOMA BUNDUKI

Katika Lee-Enfield nyingi, alama zimepigwa upande wa kulia karibu na kitako: taji, herufi za jina la mfalme, kiwanda, na mwaka. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha maana yake bunduki ilitolewa jeshini na kuuzwa. Katika Mauser ya 1898, tazama juu ya chuma mahali mtutu unapoingia. Kisha linganisha nambari ya komeo na ya bunduki. Zikitofautiana, komeo limetoka kwingine.

Kazi ya fundi hodari hujulikana: mti umekutana na chuma bila mwanya, na mdomo wa mtutu umelainishwa sawasawa pande zote. Mdomo huo ndio mwisho wa kugusa risasi. Ukikatwa kwa msumeno na kuachwa upande, moshi wenye nguvu hutoka upande mmoja kwanza, ukaisukuma risasi nje ya shabaha.

Wakusanyaji wa nchi za nje hubishana. Wengine husema kwamba kukata bunduki ya jeshi ni kuiharibu, na ni kweli kwamba leo iliyo nzima kwa kawaida huuzwa ghali kuliko iliyokatwa. Wengine hujibu kwamba kukatwa kwenyewe ni sehemu ya historia yake. Sisi twaona wote wana haki: kazi ya fundi mwema iheshimiwe, na iliyosalia nzima isikatwe tena.

HATARI NA SHERIA

Hapa twaomba wasomaji wasikilize kwa makini. Katika Kenya hakuna ruhusa ya kuwa na bunduki bila cheti. Kusema kwamba ilikuwa ya babu si udhuru. Tena bunduki ya kale ni hatari. Iliyofanyizwa kwa baruti nyeusi ikitiwa risasi ya baruti ya kisasa huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Komeo lisilolingana na mtutu huweza kuacha ganda lipasuke na kurusha moto nyuma.

Basi mzee akifariki na bunduki ikaonekana darini, usiiguse, usijaribu kuifyatua, wala usiibebe njiani. Mwarifu chifu au kituo cha polisi, waje waichukue wenyewe. Lakini jueni kwamba silaha zinazokusanywa mara nyingi huangamizwa. Tarehe 15 Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto huko Ngong. Bunduki ikiisha kuwa majivu haiwezi kusomwa tena. Kwa hiyo ipigeni picha ikiwa hapo ilipo bila kuigusa, na waulizeni wazee ilipatikanaje: kama ni ya askari wa Keya, ya mchukuzi wa Kariakoo, au ya mwindaji. Yaandikeni majibu yao daftarini pamoja na tarehe. Chuma kitachukuliwa, lakini habari zitabaki na jamaa.