Usiku wa Bure wa Dola 95

Usiku wa bure unaotolewa na kadi za hoteli za Marekani una bei, tena hulipwa kabla hujajua utalala wapi wala lini. Kadi ya World of Hyatt, inayotolewa na benki ya Chase, imejulikana kwa ada ya dola 95 kwa mwaka. Ukishatimiza mwaka wa kwanza, kila mwaka unapewa usiku mmoja katika hoteli za daraja la kwanza hadi la nne. Premier ya IHG ilipandishwa kutoka dola 89 hadi 99 mwaka 2022, na usiku wake una kikomo cha pointi 40,000.

Mashabiki wa kadi hizi hupiga hesabu kwa bei ya hoteli: chumba ni dola 280, nimetoa 95, nimefaidi 185. Hesabu hiyo ina tundu. Kama fedha zingetoka mfukoni mwako ungetafuta chumba cha dola 120, basi ulichookoa ni dola 25. Zilizobaki ni anasa uliyozawadiwa. Tamu, lakini haiingii kwenye akaunti. Kuna pia tozo ya huduma ambayo hoteli nyingi za Las Vegas na Miami huiongeza juu ya bei ya chumba. Hyatt huifuta kwa mgeni anayelala kwa pointi au kwa usiku wa zawadi, Marriott haifuti. Usiku wa bure unaweza kuishia na bili ya dola 40 mapokezi.

Kwa Mswahili anayeishi Houston au Minneapolis kuna jambo ambalo matangazo ya benki hayaligusi. Safari zake kubwa ni za nyumbani, na nyumbani hakulalwi hotelini. Tua Dar es Salaam ukalale Hyatt Regency pale Kivukoni ilhali shangazi yupo Magomeni, uone kama kufikia adhuhuri ukoo mzima haujapata habari. Hata harusi au msiba ukiwa jimbo jingine hukohuko Marekani, wenyeji hutandika magodoro sebuleni na hawataki kusikia habari ya hoteli. Mtu wa namna hii huuhitaji usiku ule pale ndege ya kuunganisha inapoondoka kesho yake na watoto wamechoka. Hoteli za karibu na uwanja wa ndege mara nyingi huingia kwenye kikomo, na hapo dola 95 ni halali yake. Lakini je, hilo hutokea kila mwaka?

Kadi za juu zinahitaji jicho kali zaidi. Bonvoy Brilliant ya Marriott ilipanda kutoka dola 450 hadi 650 mwaka 2022. Kupunguza uchungu, mwenye kadi hurudishiwa hadi dola 300 za migahawani kwa mwaka, ila kwa mafungu ya dola 25 kila mwezi, na la mwezi uliopita halirudi. Aliyeubuni mpango huo anajua kwamba watu husahau. Kwa maoni yangu, fungu linalokulazimisha kwenda kula nje tarehe 30 ili lisipotee si punguzo.

Anayebeba deni asihangaike na hesabu hizi. Riba ya kadi Marekani huzidi asilimia 20. Deni la dola 2,000 linalokaa mwaka mzima kwa asilimia 21 linakula dola 420. Hakuna chumba kitakachofidia hilo.

Pointi nyingi za kujiunga ni za mara moja, kwa hiyo mwaka wa kwanza usikudanganye; uamuzi ni wa mwaka wa pili. Ada ikishatokea kwenye taarifa, benki kubwa kwa kawaida huirudisha ukifunga kadi ndani ya siku 30. Na si lazima uifunge: Boundless ya Marriott ina mdogo wake, Bold, asiye na ada, na Premier ya IHG ina Traveler. Piga simu uombe kuhamishwa, na akaunti yako itabaki na umri wake.