Michezo ya Lugha kama Kipimo cha Usomaji: Mfano wa Banissa

Mwalimu wa madarasa ya chini aghalabu humpima mtoto kwa kumtaka asome kwa sauti. Kipimo hiki kina kasoro mahali kama Banissa, katika Kaunti ya Mandera, ambako watoto wengi huingia shuleni wakisema Kisomali au Kiborana. Lugha hizo hazina sauti p, v na z katika maneno yake ya asili. Mtoto anaposoma "pua" akatamka "bua", kosa huonekana moja, lakini chanzo chake chaweza kuwa sikio, jicho au ulimi.

Upimaji wa Uwezo, ulioanza nchini Kenya mwaka 2009, humweka mtoto katika ngazi ya herufi, neno, aya au hadithi. Ngazi hizo huonyesha alipofika. Hazielezi kwa nini amekwama. Hapo ndipo mchezo unapofaa.

Huchaguliwa jozi tatu: pua na bua, vua na fua, zuka na suka. Kwanza maana hufundishwa kwa vitendo, kwani asiyejua neno hawezi kupimwa kwalo. Katika duru ya kwanza watoto hufumba macho wasiigane. Mwalimu hutaja neno, nao hugusa pua au huinua bua la mtama walilolishika. Katika duru ya pili mtoto humwamuru mwenzake. Katika duru ya tatu huitwa mmoja mmoja. Mwalimu huonyesha kadi bila kusema, mtoto akatenda.

Kwa kuwa majibu ni mawili tu, abahatishaye hupatia takriban nusu. Hivyo kila jozi hurudiwa mara 4 bila mpangilio wa kutabirika; kupatia zote kwa bahati ni nafasi 1 kati ya 16.

Aliyeshindwa duru ya kwanza ahitaji mazoezi ya kusikiliza. Aliyesikia sawasawa akakosea kadi ahitaji kufundishwa herufi. Aliyefaulu kwa sikio na kwa kadi, ila ulimi ukamshinda, amekwisha kujua kusoma maneno hayo. Huyo aweke kidole kooni: v na z hulitetemesha koo, f na s hazilitetemeshi. Kumrudisha kwenye herufi ni kumwadhibu msomaji kwa sababu ya lafudhi yake.