Mchezo wa Matofali Si wa Watoto Peke Yao

Ukipita Jumapili alasiri katika mitaa ya Dodoma, si ajabu kuwakuta wazee wawili wameinamia bao chini ya mti, na wenzao wamewazunguka wakihesabu kete kimoyomoyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna apitaye akasema kwamba wazee wale wanafanya utoto. Mcheza bao hodari huheshimiwa, kwa sababu kila mtu anafahamu kwamba mchezo ule wataka akili, subira na kumbukumbu.

Sasa tuseme mmoja wa watu hao, karani wa ofisi au fundi wa karakana, ameweka mezani matofali madogo ya kuchezea, anayapanga moja juu ya jingine mpaka nyumba ndogo isimame. Hapo mambo hubadilika. Jirani atatikisa kichwa. Shemeji atauliza kama matofali yale si ya mtoto. Hata mwenyewe ataona haya, ayakusanye haraka mgeni abishapo hodi.

Je, tofauti ya michezo hii miwili iko wapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo haipo. Tena, hapa kwetu katika uwanda wa kati wa Tanzania, mchezo wa kujenga waweza kuokoa jambo ambalo si vema tukaliacha lipotee.

KAZI YA SEREMALA

Matofali ya plastiki yanayojulikana sana duniani yalitoka katika karakana ya seremala mmoja wa kijiji cha Billund, nchini Denmark, jina lake Ole Kirk Kristiansen. Mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kazi za ujenzi zilimpungukia, akaanza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1934 alikipa kiwanda chake jina la Lego, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Matofali ya plastiki yalianza kutengenezwa huko mwaka 1949. Tarehe 28 Januari, 1958, mwanawe Godtfred aliomba hataza ya tofali lenye vinundu juu na mirija ndani, ambalo hushikana na mwenzake bila gundi wala msumari. Tofali la mwaka huo bado hushikana barabara na tofali lililotoka kiwandani leo.

Lakini mchezo wenyewe ni mkubwa kwa umri kuliko plastiki. Katika miaka ya 1880, mjini Rudolstadt, Ujerumani, mfanyabiashara F. Adolf Richter alianza kuuza matofali madogo ya kuchezea yaliyobuniwa na ndugu wawili, Otto na Gustav Lilienthal. Huyu Otto ndiye yule aliyepata sifa baadaye kwa kuruka angani kwa mabawa aliyoyatengeneza mwenyewe. Matofali yao yalikuwa ya mchanga, chokaa na mafuta ya kitani, yakishindiliwa katika kalibu. Kiwanda kilifungwa mwaka 1963, na mwaka 1995 matofali hayo yakaanza kutengenezwa tena. Miongoni mwa wapenzi wake wakubwa ni watu wazima.

Usidhani kwamba hesabu za mchezo huu ni nyepesi kuliko za bao. Chukua matofali mawili ya plastiki ya rangi moja, kila moja likiwa na vinundu vinane. Yanaweza kushikana kwa njia 24. Yakiwa matatu, njia huwa 1,060. Kuhusu matofali sita, kwa miaka mingi kiwanda kilitangaza kwamba njia zake ni zaidi ya milioni 102. Ndipo mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, alipogundua kwamba hesabu ile ilihusu minara ya kimo cha matofali sita tu. Alipohesabu maumbo yote alipata 915,103,765. Msomi huyo alikaa na matofali sita ya watoto, akayauliza swali la mtu mzima, na hakuna aliyemcheka.

Kiwanda nacho kilitambua kwamba wateja wake si watoto tu. Tangu mwaka 2020 baadhi ya masanduku yake huandikwa kwamba ni ya wenye umri wa miaka 18 na zaidi.

UDONGO WETU WENYEWE

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha. Ni kweli. Sanduku kubwa la matofali ya plastiki laweza kumeza sehemu nzito ya mshahara wa mfanyakazi, na hakuna mzazi mwenye busara atakayeacha kulipa ada ya shule ili anunue kitu hicho. Lakini kama ndugu Lilienthal walivyotumia mchanga na chokaa, nasi tunao udongo.

Mafundi wa Tanzania wanalifahamu tofali la kushikana kwa vitendo. Kwa miaka mingi Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza matumizi ya matofali ya kufungamana, yaani ya udongo na simenti kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali hilo lina kinundu upande mmoja na shimo upande wa pili, nalo hupangwa bila kujaza chokaa au simenti kila kiungo. Halichomwi, kwa hiyo haliteketezi kuni, jambo lenye uzito katika mkoa mkavu kama Dodoma. Fundi anayeinua ukuta wa matofali hayo anafanya kwa ukubwa kile ambacho mtoto wa Billund hukifanya mezani.

Basi, anayetaka kuanza na atafute vitu hivi: udongo wa kichuguu uliochekechwa, mchanga kidogo, maji, na kalibu ya mbao ya kutoa tofali la urefu wa sentimeta 4, upana wa sentimeta 2 na unene wa sentimeta moja na nusu. Urefu uwe mara mbili ya upana. Hiyo ndiyo siri ya ukuta kukubali kukunja kona na viungo kupishana. Udongo ukandwe mpaka ushikamane bila kunata mikononi. Matofali yaanikwe kivulini siku kadhaa, yakigeuzwa. Yakipasuka, ongeza mchanga. Yakimomonyoka, punguza.

Kazi hii hutuliza, maana macho na mikono vyote vina shughuli. Ukosefu wa unyofu katika kozi ya kwanza utauona katika kozi ya tano. Kiungo kikikaa juu ya kiungo mwenzake, ukuta utafunguka kama mlango. Kwa kipande cha uzi na kokoto utapata timazi. Mfanyakazi ambaye wiki nzima ameshinda na mafaili, au nyuma ya usukani wa daladala, ataona mwisho wa jioni kitu alichokianza na kukimaliza mwenyewe. Si wengi wetu wanaopata bahati hiyo kazini.

NYUMBA YA KUJENGA NI IPI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wengi wakianza mchezo huu hujenga kasri za Ulaya au maghorofa waliyoyaona katika picha. Si vibaya. Lakini iko nyumba iliyo karibu nasi zaidi, nayo inakubaliana na matofali ya mezani kuliko nyingine nyingi. Nyumba hiyo ni tembe.

Msonge ni wa duara, na tofali halipendi duara. Tembe la Wagogo lina kuta zilizonyooka, kona za mraba na paa la bapa. Kimo chake ni kifupi, na vyumba vyake hufuatana kuuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Paa limetandazwa udongo juu ya boriti, fito na majani. Udongo huo huzuia ukali wa jua la mchana, na juu yake nafaka na mboga zaweza kuanikwa. Paa la namna hiyo lisingefaa pwani kwenye mvua nyingi, lakini limeweza kutumika katika nchi ambayo mvua yake ya mwaka ni kiasi cha milimita 500 hadi 600. Tembe, basi, ni jibu ambalo watu wenye akili walilipa jua, upepo na uhaba wa mvua.

Tembe hizo zinapungua. Katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kaya zilizokuwa zimetawanyika zilihamia katika vijiji. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Nyumba za matofali ya kuchoma, za matofali ya simenti na za bati zimeenea mjini na vijijini. Hakuna haja ya kulilia maendeleo hayo, maana aliyelala ndani ya tembe linalovuja usiku wa mvua kubwa anajua thamani ya bati. Lakini kuacha kuishi katika nyumba ya namna fulani si sawa na kusahau jinsi ilivyojengwa.

Taifa lenyewe lililiona jambo hili mapema. Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966 kinaonyesha nyumba za jadi za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake. Hata hivyo makumbusho hayawezi kuweka nyumba ya kila babu. Nyumba ya babu yako wewe haimo.

MASWALI YA WANAOJENGA

Tuseme baba yako au mama yako alizaliwa katika tembe huko Bahi, Mvumi au Kongwa, na sasa anaishi nawe mjini. Mchukulie kwamba sentimeta 5 za mezani ni mita moja ya kweli. Ukuta wa mita 8 utakuwa sentimeta 40, yaani matofali 10 kwa kila kozi. Ukipanda kozi 6 umefika kimo cha sentimeta 9, na matofali 60 yamekwenda, bila kuhesabu udongo wa kuunganishia.

Hujamaliza kozi ya kwanza, na tayari utakuwa umekwama. Mlango ulielekea wapi? Ndama walilala chumba kipi? Ghala la nafaka lilikaa ndani au nje? Mwana wa kiume alipooa, chumba chake kiliongezwa upande gani wa ua? Picha, kama mnayo, haijibu maswali hayo. Anayeyajibu ni mzee aliyekaa pembeni, ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa akitazama tu. Ataanza kwa kukusahihisha. Kisha atasogeza kiti, na mwisho atashika tofali yeye mwenyewe.

Atakufundisha pia kwamba ukuta wa tembe kwa asili si wa matofali, bali ni wa miti iliyokandikwa udongo, na kwamba uzito wa paa hubebwa na nguzo zenye panda. Kwa hiyo kata vijiti vyenye panda, uvisimamishe ndani ya kuta zako, ulaze boriti, kisha fito, kisha majani, ndipo uweke udongo. Ukijaribu kuweka udongo kabla ya nguzo, kuta zako zitapasuka mbele ya macho yako, na watoto wako watakuwa wamejifunza mzigo wa paa hubebwa na nini.

Wajukuu nao hawatakaa mbali. Mtoto atakayekanda udongo leo atauliza kwa nini babu alilala nyumba moja na ng'ombe, na atajibiwa na babu mwenyewe. Tahadhari moja tu: watoto wachanga wasiachiwe vipande vidogo, maana huvitia mdomoni na vyaweza kuwasakama kooni.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya wanaume. Si kweli. Katika kaya nyingi kina mama ndio wanaofahamu zaidi jiko lilikaa wapi, maji yaliwekwa wapi, na moshi ulitoka kwa njia gani. Nyumba isiyoulizwa kwa mama itakosa nusu yake.

Ukimaliza, andika chini yake jina la kijiji, la aliyeijenga nyumba ya kweli, na la aliyekueleza habari zake. Iweke mahali pakavu ambapo wageni wataiona. Jirani aliyekuwa akicheka atauliza, nawe utakuwa na la kumwambia kuhusu watu wako.

Bao hatujaliacha kwa sababu tumekuwa watu wazima, na matofali nayo tusiyaonee haya. Udongo haununuliwi, na Jumapili ni ndefu. Aliyeona nguzo za tembe lile zikisimamishwa yawezekana bado yuko nawe, lakini hatakuwapo siku zote. Anza kwa kumwuliza mlango ulielekea wapi.