Kiwanda Kimoja, Majina Mengi

Kasiterite ya Kalima, hapa kwetu Maniema, huyeyushwa ikawa bati, na bati huingia katika lehemu inayoshikiza chipu ndani ya kompyuta. Mwaka 2010 sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ilizitaka kampuni zichunguze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Watengenezaji wa chipu wakawauliza wauzaji wao, nao wakawauliza waliowauzia.

Swali hilo hufika kwenye kiwanda cha kuyeyushia, kwa sababu mawe yakishachanganywa tanuruni, asili yake haionekani tena. Hapo mimi, mwanafunzi wa isimu, naona jambo linalotuhusu: kiwanda kimoja kilitajwa kwa majina mbalimbali, hivyo majibu hayakulingana. Dawa yake ikawa fomu moja ya pamoja, yenye orodha ya majina sanifu na namba ya kila kiwanda.

Kwa mchimbaji, jina ni riziki. Kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 serikali ilisimamisha uchimbaji Maniema na Kivu zote mbili, bila kubagua wa halali na wa magendo. Mfuko usiojulikana ulikotoka hauna wa kuutetea.