Je, Wajua? Jembe, Chatu na Barafu

Je, wajua kwamba mashindano ya jadi ya ngoma za Wasukuma hayana jaji mwenye kalamu? Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huamua kwa miguu. Wakichoshwa huku, wanahamia kule. Lenye umati mkubwa limeshinda, basi. Wasukuma wamehamia kwa wingi mkoani Katavi, kwa hiyo msomaji wa huko Mwese hana haja ya kupanda basi hadi Mwanza kumpata wa kumsimulia haya.

Je, wajua ushindani huo ulianzia kwa waganga? Simulizi zinawataja Ngika na Gumha, kila mmoja akijigamba kuwa dawa yake ni kali kuliko ya mwenzake. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu. Dawa ya kuvuta watu huitwa samba, nayo imo katika maandalizi kama mazoezi yenyewe. Sijui jaji wa kizungu angeiandika kwenye safu gani: ufundi au mvuto?

Ngoma ya Bugobogobo ilizaliwa shambani, katika kulima kwa kikundi. Ndiyo maana mchezaji huingia na jembe, akalizungusha na kulirusha, akalidaka bila kuupoteza mdundo. Wigashe ni kinyume chake: huchezwa watu wamekaa, na kazi yote iko kwenye sauti na mwendo wa mwili. Halafu wanakuja Bayeye, wanaocheza na nyoka. Mimi ningebaki kwa waliokaa, lakini nakiri kwamba chatu akitolewa kikapuni, watu huhama.

Je, wajua Mwese ilipokea wakimbizi wa Kinyarwanda miaka ya 1960? Kwao kuna Intore, ngoma ya mashujaa ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2024. Mchezaji huvaa njuga miguuni. Ukikosea hatua, njuga zinakusema kabla ya jaji.

Sasa twende kwenye mashindano ya kuteleza kwa madaha barafuni, ambako jaji ana kalamu. Zamani mtelezaji alipewa alama mbili, ya ufundi na ya sanaa, na ukomo ulikuwa 6.0. Mwaka 1984 huko Sarajevo, Waingereza Torvill na Dean walipata 6.0 ya sanaa kutoka kwa majaji wote 9. Mfumo huo ulizikwa baada ya kashfa ya majaji katika Olimpiki ya Salt Lake City, 2002, iliyolazimu jozi ya Kanada nayo ipewe dhahabu.

Siku hizi kila mruko una bei. Mruko uitwao Akseli, ukiwa wa mizunguko miwili na nusu, ni pointi 3.30, wa mitatu na nusu 8.00, wa minne na nusu 12.50. Huu wa mwisho ulikuwa ndoto tu mpaka Septemba 2022, Ilia Malinin wa Marekani alipoutua akiwa na miaka 17.

Na wajanja hawakosekani. Miruko ya nusu ya pili ya onyesho ilikuwa na nyongeza ya asilimia 10, kwa kuwa miguu imeshachoka. Mrusi Alina Zagitova akairundika yote huko, muziki ukisubiri, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya 2018 kwa tofauti ya pointi 1.31. Mwaka huohuo kanuni ikabanwa.

Je, wajua samasoti ya nyuma ilipigwa marufuku barafuni kwa miongo kadhaa? Mfaransa Surya Bonaly aliipiga hata hivyo kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998, akatua kwa mguu mmoja. Majaji wakamkata alama, akamaliza wa 10. Ruhusa ilikuja mwaka 2024. Kwa hesabu ya Bagika na Bagalu, siku ile uwanja mzima ungekuwa upande wake.