"Kuzidisha Mapigo" si "Kuzidisha Saa": Istilahi za Kasi ya Kichakataji

Kila kichakataji kipya cha kompyuta hutanguliwa na sifa zake. Kabla hakijafika madukani, wauzaji huwa wamekwisha kutangaza kitakavyokuwa: kitakwenda upesi kiasi gani, kitafanya kazi kiasi gani, na kama mnunuzi ataweza kukipandisha juu ya kiwango kilichowekwa kiwandani. Habari hizo hutufikia kwa lugha za kigeni, na katika kuzifasiri neno moja, "kasi", limebebeshwa mizigo yote mitatu. Makala haya yanakusudia kuupa kila mzigo jina lake.

Mapigo na utendaji

Ndani ya kichakataji kazi zote huendeshwa kwa mdundo mmoja wa umeme. Idadi ya midundo hiyo kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Gigahezi 3 ni midundo bilioni 3. Neno "mapigo", tunalolitumia kwa moyo na kwa ngoma, lafaa hapa bila kulazimishwa.

Mapigo, hata hivyo, siyo kazi. Chukua mashine za kukoboa mpunga za Kagongwa, karibu na Kahama. Mizunguko ya mota ni jambo moja, na magunia yanayokobolewa kwa saa ni jambo jingine. Mashine yenye rola kubwa, inayopokea mpunga mwingi kwa kila mzunguko, huishinda yenye rola ndogo ingawa mizunguko ni sawa. Kazi hiyo inayotoka ndiyo tunayopendekeza iitwe "utendaji".

Tofauti hii imewahi kuwaumbua hata watengenezaji. Kampuni ya Intel iliahidi Pentium 4 ya gigahezi 4, lakini mwezi Oktoba 2004 ikaifuta ahadi hiyo. Joto lilikuwa limezidi, na mapigo yakaishia gigahezi 3.8. Mwaka 2006 kampuni hiyohiyo ilitoa Core 2 Duo, yenye mapigo chini ya gigahezi 3, ambayo kwa kazi nyingi iliishinda Pentium 4 kwa sababu ilitenda zaidi kwa kila pigo.

Kuzidisha na kuhimili

Kitendo cha kukiendesha kichakataji juu ya kiwango cha kiwandani kina jina la Kiingereza lililoundwa kwa maneno mawili, "zaidi" na "saa". Mfasiri akiandika "kuzidisha saa", mtumishi atadhani ni malipo ya kazi za ziada. "Kuzidisha mapigo" husema jambo lenyewe.

Kitendo hicho kina gharama. Fundi wa mashine ya mpunga akiongeza mizunguko kupita kiasi, mota hupata moto na mchele hutoka chenga. Katika kichakataji, matumizi ya umeme hupanda sambamba na mapigo, na tena hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Mapigo na volteji vikiongezwa asilimia 10 kila kimoja, umeme huongezeka kwa takriban theluthi moja, na karibu wote hugeuka joto.

Kiasi ambacho kichakataji chaweza kuzidishwa bila kukosea tunapendekeza kiitwe "uhimilivu". Vichakataji vya Celeron 300A, vilivyouzwa mwaka 1998 kwa megahezi 300, vingi vilihimili 450. Lakini si vyote. Uhimilivu ni sifa ya kipande kimoja kimoja. Kwa hiyo habari zake kabla bidhaa haijatoka ni "makisio", na zisifasiriwe kwa maneno "kina" au "kinaweza", bali "kinakisiwa".

Faida ya kutenganisha

Zabuni ya shule ikitaka "kompyuta zenye kasi kubwa", mwuzaji aweza kuleta zenye mapigo mengi na utendaji hafifu, na mnunuzi hatakuwa na neno la kumkatalia. Watu wa Kahama wanalifahamu jambo la namna hii. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yasisafirishwe nje, wengi walikuwa wakiyaita "mchanga". Na jina la mchanga halimwambii msikiaji kwamba ndani mna dhahabu, shaba na fedha.

Istilahi zinazopendekezwa

Mapigo: idadi ya midundo ya kichakataji kwa sekunde.
Mapigo ya msingi: kiwango cha mapigo kilichowekwa na mtengenezaji kwa kazi ya kawaida.
Mapigo ya kilele: kiwango cha juu ambacho kichakataji hukifikia chenyewe kwa muda mfupi, ndani ya mipaka ya mtengenezaji.
Kuzidisha mapigo: kukiendesha kichakataji nje ya mipaka hiyo.
Uhimilivu: kadiri ya kuzidishwa bila kukosea.
Utendaji: kazi inayokamilika kwa muda maalumu.
Makisio: maelezo ya utendaji au uhimilivu kabla haujapimwa.

Wasomaji wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika tafsiri, darasani na katika nyaraka za zabuni, na kuyatolea maoni.